Vichwa vya Machifu Vinasubiri Mwandishi

Mzimu usio na kichwa unaojulikana kuliko yote katika fasihi ya dunia ni wa askari Mjerumani. Mwandishi Mmarekani, Washington Irving, aliuleta kwa wasomaji mwaka 1820 katika hadithi yake The Legend of Sleepy Hollow. Askari huyo alitoka Hesse, akakodiwa na Waingereza kuwapiga Wamarekani waliokuwa wakidai uhuru wao. Kombora la mzinga likamng'oa kichwa. Kiwiliwili kilizikwa uwanjani mwa kanisa, lakini usiku hutoka, hupanda farasi na kwenda mbio hadi uwanja wa vita kutafuta kichwa chake, kisha hukimbilia kaburini kabla hakujapambazuka.

Miaka 80 baada ya hadithi hiyo kuchapishwa, askari wa Kijerumani walikuwa wamepiga kambi chini ya Kilimanjaro na Meru. Safari hii vichwa vilivyotenganishwa na miili havikuwa vyao. Vilikuwa vya wamangi, yaani machifu, na wazee wa huku kwetu, na vingine vinatafutwa mpaka leo katika makabati ya makumbusho ng'ambo.

Ukisimama Terrat, kata ya kusini mwa Jiji la Arusha, ukatazama kaskazini, uwanja kilikoanzia kisa hiki uko mbele yako. Nyuma kabisa ni Mlima Meru. Kwenye miteremko yake ya kusini mashariki ipo Akeri, ulikoanzia ugomvi. Chini ya mlima limetanda jiji, na katikati ya jiji lipo Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Leo Boma hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na wanafunzi hupanga foleni mlangoni kwenda kutazama historia ya binadamu wa kale. Mandhari yapo, maiti wapo, deni lipo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuandika riwaya.

Mzimu mmoja, vitabu chungu nzima

Wamarekani hawajaacha kuusimulia upya mzimu wao. Mwaka 1999 Tim Burton aliutengenezea filamu, Johnny Depp akiwa mhusika mkuu. Kuanzia 2013 hadi 2017 ulikuwa tamthilia ya televisheni. Mwaka 2021 mwandishi Christina Henry alitoa riwaya ya Horseman, ambayo inaanza pale alipoishia Irving na kusonga mbele vizazi viwili. Wale waliokuwa vijana katika hadithi ya zamani, Brom na Katrina, sasa ni babu na bibi. Mjukuu wao, Ben, anakua akisikia habari za mpanda farasi kama masimulizi ya wazee, mpaka siku mwili wa mtoto unapokutwa msituni hauna kichwa.

Hata mji wenyewe umekula matunda ya hadithi. Mwaka 1996, mwaka ambao kiwanda kikubwa cha magari cha mji huo kilifungwa, wakazi wa North Tarrytown, kando ya mto Hudson, walipiga kura kubadili jina la mji wao uitwe Sleepy Hollow. Tangu hapo mzimu ndio unaovuta wageni.

Katika simulizi zote hizo kuna jambo ambalo mwandishi wetu anapaswa kulipima. Henry hakubadilisha vazi la mzimu tu. Alihamisha mzigo: kosa lililofanywa mzaha na kizazi cha babu linakuja kudaiwa kwa wajukuu. Hapo ndipo hadithi ya kale inapopata pumzi mpya. Mwandishi mvivu angemtoa mpanda farasi kwenye farasi, akampandisha bodaboda, akampitisha barabara ya vumbi saa nane usiku na kudhani amewaandikia watu wa Arusha. Msomaji angeshtuka ukurasa wa kwanza, na kufikia wa kumi angekwisha kulala.

Machi 2, 1900

Kisa cha huku kilianza kabla ya siku hiyo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri muda mfupi baada ya kufika kuanzisha misheni. Waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi, alileta jeshi likiwa na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga. Migomba ilikatwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Miaka michache baadaye ndipo Boma likaanza kupanda mawe kwa mawe.

Kisha ikaja tuhuma. Johannes aliambiwa kwamba viongozi wa Kilimanjaro, Meru na Arusha wanapanga njama ya kuwaondoa Wajerumani. Historia nyingi zinamtaja Mangi Marealle wa Marangu kuwa ndiye aliyeyapeleka maneno hayo, naye alifaidika na kuanguka kwa wapinzani wake. Machi 2, 1900, huko Old Moshi, watu 19 walinyongwa. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Meli wa Old Moshi, ambaye mwaka 1892, angali kijana, aliwahi kulishinda jeshi la Wajerumani. Walikuwamo pia Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Kutoka upande wa Meru, ukoo wa Kaaya unamlilia Mangi Lobulu, aliyenyongwa mwaka huohuo.

Simulizi za Old Moshi zinasema Meli hakukata roho upesi. Alining'inia saa saba kabla ya kufa. Mti unaotajwa kuwa ndio alionyongewa ungali umesimama, na chini yake kuna sanamu yake ya kichwa na mabega. Inasemwa pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Hayo hayakuwa maneno ya kijiweni tu. Katika miaka hiyo daktari Felix von Luschan, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alikuwa akikusanya mafuvu kutoka pembe zote za makoloni. Maofisa wa jeshi, madaktari na wasafiri walimtumia. Yalipofika yaliandikwa namba, yakapimwa, yakapangwa. Lengo lilikuwa kuwagawa binadamu kwa kupima vichwa vyao, elimu ambayo baadaye ilikutwa haina mashiko ila ilishakuwa imefanya madhara yake. Luschan alikufa mwaka 1924, na mkusanyiko wake binafsi, wa maelfu ya mafuvu, ukanunuliwa na Makumbusho ya Marekani ya Elimu Viumbe ya New York. Ndani yake yalikuwamo mabaki ya Waherero na Wanama wa Namibia. Kutoka makumbusho hayo hadi mji wa Sleepy Hollow ni mwendo wa treni usiofika saa mbili.

Kwa nini kichwa

Msomaji wa mbali anaweza kuuliza kwa nini watu wahangaike na fuvu la miaka 120 iliyopita. Jibu liko katika migomba ya Kilimanjaro. Zamani Mchaga alipozikwa hakuwa amemaliza safari. Baada ya muda, mwili ukishaoza, fuvu lilitolewa na kuwekwa ndani ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, mahali palipooteshwa masale, pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Hapo ndipo alipohesabika kuwa mhenga, akaweza kuambiwa habari za nyumba na kuombwa heri. Asiye na kichwa hakuweza kukaa kitako na wenzake. Alibaki njiani.

Mmea huohuo wa sale una kazi nyingine inayojulikana na kila aliyekulia mlimani. Mwenye kosa akimpelekea jani la sale aliyemkosea, huwa ameomba radhi, na kumkatalia ni jambo zito. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, mahali ambapo Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea. Kwa mtu wa Kilimanjaro maneno hayo yana maana, lakini sale bado halijapelekwa kwa sababu kichwa hakijarudi.

Huku tambarare, kwa Wamaasai, mambo ni mengine kabisa, na mwandishi atakayeweka hadithi yake Terrat hana budi kulijua hilo. Mmaasai wa zamani hakuwa na makaburi ya watu wote. Maiti wa kawaida aliachwa porini, na jina lake halikutamkwa tena. Laibon, yaani kiongozi wa kiroho, na mtu mkubwa ndio waliozikwa, na ilisemwa kwamba roho zao hurudi nyumbani kwa umbo la nyoka kuwaangalia watoto. Nyoka wa aina hiyo akiingia ndani hauawi. Kwa hiyo kata moja kama Terrat, wanakoishi leo Waarusha, Wamaasai, Wameru na Wachaga waliohamia, ina namna tatu au nne za kuzungumza na wafu. Mmoja anakaa kimya asitaje jina, mwingine anatafuta fuvu, wa tatu anaweka msalaba. Hakuna mtunzi wa riwaya za kutisha anayeweza kuomba zaidi ya hapo.

Walio hai ndio wanaotangatanga

Hapa ndipo hadithi ya huku inapoigeuza ya Irving kichwa chini miguu juu. Katika Sleepy Hollow, mfu ndiye anayehangaika. Huku kwetu mfu ametulia, amewekwa kwenye sanduku la kadibodi lenye namba, na walio hai ndio wanaokesha njiani.

Mnyaka Sururu Mboro ni mmoja wao. Alikulia chini ya Kilimanjaro akisimuliwa na bibi yake jinsi Meli alivyokufa. Alipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kusoma katika miaka ya 1970, bibi alimwagiza arudi na kichwa cha mangi. Mboro alibaki Berlin, akawa mwanaharakati wa kudai mabaki hayo na kubadilisha majina ya mitaa yaliyowatukuza wakoloni. Nywele zimekuwa nyeupe na agizo la bibi bado liko begani.

Mjukuu wa Meli, Mzee Isaria Meli, naye alidai kwa miaka mingi, hata akatoa sampuli ya mwili wake ilinganishwe na mafuvu ya Berlin. Mnamo 2018 kikundi cha wasanii cha Flinn Works kilitengeneza maonyesho juu ya msako huo. Mwaka 2024 filamu ya The Empty Grave, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner na Mtanzania Cece Mlay, ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin. Inafuata familia mbili: ya Mbano wa Songea, na ya ukoo wa Kaaya wa Meru.

Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, iliyoyapokea mwaka 2011 mafuvu ya Luschan yaliyobaki Berlin, ilichunguza zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Mengi yalitoka Rwanda, na takriban 200 Tanzania ya leo. Septemba 2023 ilitangaza jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia: vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa watu watatu kutoka eneo la Kilimanjaro. Mmoja wa watatu hao aliorodheshwa kwa jina la "Akida", na anadhaniwa kuwa alikuwa mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Meli mwenyewe hakupatikana.

Fikiri hilo kwa akili ya mtunzi. Mshauri kapatikana, bwana wake hajulikani aliko.

Bwana MSA na Babu

Riwaya ya Kiswahili haitaanza kazi hii mikono mitupu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, watu wanatetemeka, na mpelelezi Bwana MSA anakuja na kiko chake mdomoni kuonyesha kwamba aliyeua ana mikono na miguu kama sisi. Miaka minane baadaye akatoa Kisima cha Giningi, akacheza tena na jina linalowatia Wazanzibari baridi. Kwa Abdulla, mzimu ni pazia. Kazi ya mpelelezi ni kulivuta.

Said Ahmed Mohamed alishika njia ya pili. Katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001, Babu anatoka kaburini kweli, bila mpelelezi wa kumkanusha, anamwendea mjukuu wake K, mkubwa aliyenona kwa jasho la wengine, na kumburuta kuona alichokifanya. Mzimu hapa haufichi jinai ya mtu mwingine. Wenyewe ndio shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu.

Kisa cha vichwa vya Meru na Kilimanjaro kinazihitaji njia zote mbili kwa pamoja. Kinamtaka Bwana MSA kwa sababu kina barua, orodha, namba za wino na majina ya maofisa. Mwandishi asiyeweza kuifuata karatasi kutoka Moshi hadi Berlin hadi New York atabaki kupuliza moshi tu. Tena kinamtaka Babu, kwa maana orodha haiwezi kueleza kwa nini mwanamke mzee alimwekea mjukuu wake mzigo wa kichwa cha mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Upelelezi peke yake ungetupa ripoti. Mzimu peke yake ungetupa sinema ya kupigiana kelele gizani, nazo tunazo za kutosha tangu enzi za kanda za video za Shumileta.

Zimwi linalokatwa kidole

Tambarare za Wamaasai zina zimwi lao, Enenauner, nusu mtu na nusu jiwe. Mkuki haumpati vizuri kwa sababu ya ule upande wa jiwe. A. C. Hollis, ofisa Mwingereza, alichapisha simulizi za zimwi hilo katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya Wamaasai. Katika moja, zimwi limemaliza nchi nzima, watu na mifugo. Amenusurika mwanamke mmoja aliyejificha na mtoto. Mtoto anakua, anajifunza upinde, anapanda juu ya mti na kulilenga zimwi mishale mpaka linadhoofu. Linapokaribia kufa lenyewe linamwelekeza: likatwe kidole ng'ombe watoke, na watu nao watarudi.

Waswahili wa pwani wana ndugu yake zimwi huyu, Nunda mla watu, ambaye Edward Steere alimwandika Zanzibar na kumchapisha mwaka 1870. Ila yule wa Kimaasai anafaa zaidi hapa. Kwanza, ni nusu jiwe, na majumba yaliyowameza watu wetu ni ya mawe. Pili, kilichomezwa hakijafa, kinasubiri kutolewa. Tatu, wa kukitoa ni mtoto aliyezaliwa baada ya maafa, ambaye hakuwahi kuwaona waliomezwa. Mwandishi atakayeusikiliza mfumo huo hatahitaji kuazima farasi wa Irving. Atamkuta mhusika wake mkuu hapo hapo: kijana wa kike au wa kiume wa Terrat, mwenye babu mzaa mama Mmeru na nyanya Mmaasai, anayeombwa mate yake yapelekwe maabara.

Fuvu la nani?

Irving alimaliza hadithi yake kwa mashaka ya kuchekesha. Mwalimu Ichabod Crane anatoweka, asubuhi inaonekana kofia yake na karibu yake boga lililopasuka, na msomaji anaachwa ajiamulie kama ulikuwa mzimu au Brom akimtisha mpinzani wake wa mapenzi. Mwandishi wa Meru hana mashaka ya namna hiyo. Aliyenyonga anajulikana, na jina la Kapteni Johannes limo kwenye kumbukumbu.

Mashaka yake yako kwingine, na ni ya kutisha kuliko boga. Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi Julai 1898, kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ilirudishe fuvu lake ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akakuta rundo la mafuvu, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na likiwa na tundu la risasi. Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga, Iringa, na liko hapo mpaka leo. Wahehe walilipokea kwa heshima zote. Wapo wanahistoria ambao hawajaacha kuuliza kama kweli ni la Mkwawa.

Sasa weka swali hilo katika riwaya. Ukoo umelia miaka 120. Sanduku linafika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Serikali imetuma waziri, kwaya imeimba, ng'ombe amechinjwa, fuvu limewekwa kati ya masale. Usiku wa tatu linasema, na lugha linayosema hakuna mtu wa mlima anayeielewa. Ni mtu wa Rwanda, au wa Ugogo, aliyebandikwa namba isiyo yake na karani wa Berlin mwaka 1903. Anataka kwao. Ukoo utafanya nini? Utamfukuza mgeni aliyekwisha kuzikwa na heshima zake? Utaficha ili waziri asiaibike? Au utafunga safari upya, safari hii kwa ajili ya mtu usiyemjua?

Riwaya yenye swali hilo itamtisha msomaji wa Terrat bila kumdanganya. Itamwonyesha kwamba ubaya wa wakusanyaji haukuishia kwenye kukata. Uliendelea kwenye kuchanganya, hata walio hai wakashindwa kujua wamlilie nani. Waliotambuliwa mwaka 2023 ni watatu. Waliobaki ni zaidi ya 1,100, na kila mmoja alikuwa na mama aliyempa jina. Mwandishi wa Arusha atakayekaa kitako kuliandika hili asianze na kilio cha bundi wala mbalamwezi. Aanze na karani na kalamu yake ya wino, maana huyo ndiye mchawi wa kisa chote.